Mguu Uliozikwa na Kamba

"Hapa," Mwanahamisi alisema, na chaki ikagusa mkeka. "Alafu hapa."

Alikuwa ameketi barazani, mgongo ukutani, mguu wake wa kulia umenyooshwa mbele kama wa mtu yeyote anayepumzika. Wa kushoto uliishia juu ya goti, ndani ya pindo la kitenge ambalo baba yake alilishona kwa ajili hiyo. Pale pindo lilipokoma, juu ya mkeka, alikuwa amechora kwa chaki ya buluu ya fundi nguo mguu mzima: goti, muundi, kifundo, kisigino, vidole vitano. Aliuchora vizuri. Hata kidole kidogo, kilichokuwa kimepinda tangu utotoni, alikipinda. Sasa alikuwa anaukata ule mguu wa chaki kwa mistari.

"Hapa chini ya goti. Hapa katikati. Hapa kwa kifundo. Na hii ya vidole, njo mbaya kushinda zote. Inabana mpaka kidole kidogo inapanda juu ya mwenzake. Iko kama mutu alinifunga, Idri. Kama mbuzi ya kupeleka soko."

Idrissa alikuwa amesimama uani, baiskeli imemwegemea kiunoni. Aliihesabu ile mistari, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, na alipofika wa nne akaanza upya, kana kwamba hesabu ingeweza kumwonea huruma. Jua la mtaa wa Kabondo lilikuwa bado changa, lakini shati lilikuwa limekwisha kumganda mgongoni.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya serumu ya tatu, ile dawa ya kansa inayotiwa mshipani. Mama Florentine, muuguzi aliyewashika mkono tangu mwanzo, alikuwa ameagiza waziwazi: dawa ilikuja na ndege kutoka Kinshasa, ikishachanganywa haingoji mtu, na saa sita mchana ndiyo mwisho wake. Daktari alitaka serumu sita. Mbili zilikuwa zimeingia, nazo zilichukua nywele zote za Mwanahamisi na hamu yake ya chakula. Harufu tu ya lituma, ndizi za kuponda, kutoka kwa jirani ilimfanya ainame juu ya beseni. Lakini picha zilionyesha mapafu bado safi. Ugonjwa huu wa mfupa, daktari alisema, hupenda kukimbilia mapafuni, na anayeuachia njia asishangae ukipita.

Na Mwanahamisi, tangu Jumatatu, alikuwa ameapa kwamba haendi.

Baba yake, Papa Yusufu, alikuwa amembembeleza, akamgombeza, akambembeleza tena, kisha akarudi ndani kwenye cherehani yake. Sasa cherehani ile ilikuwa inalia kwa vipande vifupi vifupi, kama mtu anayekohoa.

"Mama Florentine anasema ni mishipa," Idrissa alisema mwishowe. "Mishipa haijajua bado kama muguu ilienda. Itapita."

"Mama Florentine iko na miguu mbili." Msichana aliiweka chaki chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Idrissa. "Munataka kuniponya nusu. Nusu ingine iko kule kwa mama, iko nalia, iko naniita nishuke. Sasa serumu njo ya nini? Kama mutu anaitwa na mama yake na muguu yake pamoja, batamushika na sindano?"

Walijuana kwa mgongo, hawa wawili. Miaka miwili iliyopita Idrissa alikuwa na miaka kumi na sita, na toleka ile, baiskeli ya kubebea abiria, ilikuwa bado ya mjomba wake. Mwanahamisi alikuwa mwanafunzi wa lisee, shule ya sekondari, huko Makiso, sare yake nyeupe na buluu imepigwa pasi mpaka inakata. Abiria wa toleka huutazama mgongo wa dereva, na dereva huitazama barabara. Hapo ndipo yanaposemwa maneno ambayo uso kwa uso yangekufa mdomoni. Kila asubuhi, nusu saa, Mwanahamisi aliuambia mgongo ule habari zake: kwamba mama yake alifariki akimzaa mtoto ambaye naye hakukaa, kwamba kwa sababu hiyo anataka kuwa mkunga, kwamba masikio ya Idrissa yanafanana na mikono ya sufuria. Siku moja, kwenye kilima kidogo kabla ya posta, aliweka paji la uso katikati ya mabega yake na kunyamaza. Idrissa aliipita shule. Aliipita posta. Alizinduka wamefika bandarini, mbele yao mto wote, na wachuuzi wa samaki wakicheka.

Alikuwa kijana wa kujivuna, Idrissa, na alikuwa na haki ya kujivuna. Hapakuwa na mtu kwenye kituo chao aliyefunga mzigo kama yeye. Magurudumu yanapozeeka, mpira wa ndani hukatwa vipande virefu, na hizo ndizo kamba za toleka: zinavutika, zinauma, haziachi. Kwa kamba hizo Idrissa alikuwa amebeba kitanda, mlango na fremu yake, mbuzi wawili waliochukiana. Alikuwa amebeba trei kumi za mayai kutoka barabara ya Masako, barabara ambayo mashimo yake yana mashimo, na halikuvunjika hata moja. "Mzigo niliyofunga miye," alizoea kutamba, "hata kiyama itaukuta vilevile."

Halafu goti likaanza kuvimba, kama jipu lisilo na kichwa. Mkandaji aliyeletwa na shangazi wa Mwanahamisi, tantine kama anavyoitwa, alilikanda kwa majani ya moto, likazidi. Majirani wakasema kuna mtu amemtupia kitu njiani, wakataja na jina la mtu. Hatimaye picha ilipigwa, na daktari akasema neno lake kwa Kifaransa. Papa Yusufu aliuliza linaitwaje kwa Kiswahili. Daktari alitazama karatasi zake, Mama Florentine akatazama dirisha.

Miezi yote ile Idrissa ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Papa Yusufu alimwita "mutoto ya toleka", akampa chai, akajifanya hajui ni kwa nini mtoto wa toleka anakuja hata siku zisizo na hospitali. Siku moja kabla ya kukatwa, Mwanahamisi aliuliza, safari hii akimtazama usoni, "Utanipenda na muguu moja?"

"Soksi ingine nitavaa miye," Idrissa alimjibu.

Alicheka mpaka akalia, na alipolia Idrissa hakujua tena kicheko kiliishia wapi.

Siku ya kukatwa yenyewe ilikuwa na mawingu mazito. Papa Yusufu alikuwa amekata kitambaa cheupe, dhiraa zake mwenyewe, akaupiga ukingo wake pasi. Maana katika ukoo wao kiungo cha mtu hakitupwi kama takataka ya hospitali. Kinazikwa, kwa heshima, mahali ambapo mwenyewe atakuja kuzikwa siku yake ikifika. Mtunza makaburi alikuwa amekwisha kuchimba shimo fupi kando ya kaburi la mama yake Mwanahamisi. Lakini saa ile Mama Florentine alipotoka na kile kifurushi, kimevingirishwa ndani ya kitambaa cheupe, Papa Yusufu alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, sindano mkononi, akitolewa damu kwa ajili ya binti yake. Hapakuwa na mwingine. Mzee alimwita Idrissa karibu.

"Umupeleke kwa mama yake," alisema. Hakusema "uupeleke". "Na ukifika, ufungue yote. Mutu hazikwi na kamba. Unasikia? Ndani ya kaburi kila fundo inafunguliwa."

Idrissa alisikia. Naye ni Mwislamu. Alikuwa ameshuka ndani ya kaburi la babu yake, alikuwa ameona mafundo ya sanda yakilegezwa. Aliupokea ule mguu kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko alivyofikiria, na ulikuwa bado na joto.

Aliuweka juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, mahali palepale alipozoea kukaa Mwanahamisi mwenyewe, na akaufunga. Mikono ilifunga yenyewe, maana mikono ya fundi haiulizi: chini ya goti, katikati ya muundi, kwenye kifundo, na kamba ya nne kwenye vidole ili visigongegonge spoku, kisha moja ndefu ya kuushika na kiti. Akavuta. Akavuta tena. Halafu akaendesha katikati ya mji, katikati ya honi na wanawake wenye mabeseni ya majani ya sombe, na hakuna aliyejua amebeba nini. Mara tatu alizungumza na kiti cha nyuma bila kufikiri, akingoja kujibiwa.

Makaburini mvua ilimkuta. Mtunza makaburi alikuwa amekwenda kuswali. Idrissa alifungua kamba moja tu ndefu, ile iliyoushika mzigo na baiskeli. Zile nne zilizoukaza mguu wenyewe, vidole vyake vilizigusa na kuruka. Alisikia chini ya kitambaa umbo la kidole kidogo kilichopinda. Hakuweza. Aliutua shimoni kama mtu anavyotua mkaa, akasukuma udongo kwa mikono na kwa miguu, akasoma Fatiha nusu, akakimbia.

Jioni ile kituoni rafiki yake Trésor aliuliza kamba zake ziko wapi, kwa sababu dereva wa toleka anaweza kusahau jina la mama yake lakini si kamba zake. "Ulifunga nini mpaka ukaiacha nazo?" Trésor alimtania mbele ya wenzake. "Ulifunga pepo?" Wote walicheka. Idrissa aliondoka bila kuaga.

Wiki ya pili baada ya hapo, Mwanahamisi alianza kusema kwamba mguu unaumwa. Akamuuliza, ulizika vizuri? Vizuri, alisema. Ulifungua? Nilifungua. Alimwuliza hivyo mara nyingi katika wiki saba, na kila mara uongo ulitoka laini zaidi kuliko jana yake, kama msumari unaorudi kwenye tundu lake. Lakini kamba zilimfuata. Alizisikia zikilia, kile kilio kikavu cha mpira unaovutwa, akiwa katikati ya soko la Makiso, adhuhuri, pamejaa watu. Akasimamisha baiskeli na kutazama nyuma. Alikuwa amembeba mzee wa watu, aliyemwuliza kama gurudumu limepasuka.

Sasa mistari minne ilikuwa juu ya mkeka, na hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyemwambia Mwanahamisi pa kuichora.

"Sikufungua," Idrissa alisema.

Msichana aliinua macho.

"Kamba. Nilikudanganya. Nilikufunga na zile za mpira, nne, pale pale uliandika. Nilipofika kule, niliogopa. Nilikuweka vile vile."

Ndani ya nyumba cherehani ilinyamaza.

Mwanahamisi hakulia wala hakumtukana. Aliitazama picha yake ya chaki kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mstari wa vidole mpaka buluu yake ikafifia. Aliposema, alisema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Wiki saba. Batu banasema ni mishipa, banasema ni dawa, tantine anasema ni mapepo. Na miye nikasema basi, kansa imepanda kwa kichwa, niko wazimu. Nikakubali. Unasikia, Idri? Nilikubali niko wazimu. Na weye ulikuwa unakuja hapa, unakaa hapo, unakula chai ya papa."

Idrissa alitamani amtupie gongo lake la kutembelea. Gongo lilikuwa karibu na mkono wake; hakuligusa.

Papa Yusufu alitoka. Alikuwa na uzi begani na miwani imepanda kwenye paji. Alimtazama kijana kama anavyotazama mshono uliokwenda kombo, akipima kama nguo itafumuliwa au itatupwa. Alimwuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini: alimwambia nini siku ile, akiwa na sindano mkononi? Idrissa alirudia maneno yale yote, neno kwa neno. Mzee akatikisa kichwa, akaingia ndani, na walipodhani hatatoka tena, akatoka na mkasi. Si ule mkubwa wa kitambaa. Mdogo, wa kufumulia.

"Miye siwezi kufungua kaburi ya mutoto yangu," alisema. "Miguu yangu itakataa. Kwendeni."

"Papa, na serumu?" Idrissa aliuliza.

Mzee alimtazama bintiye, na bintiye alikuwa tayari anaifuta chaki na kiganja, kuanzia gotini kushuka.

"Unipeleke," Mwanahamisi alisema.

Mtunza makaburi, Tonton Asumani, alikuwa mtu mnene mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na redio ndogo iliyofungwa shingoni. Aliposikia wamekuja kufanya nini, aliizima redio ili akatae vizuri. Kaburi si sanduku, aliwaambia, mtu hawezi kurudi kwa sababu amesahau soksi. Kama angewafungulia wote waliosahau kitu, hapa pangekuwa soko. Kisha akamgeukia Idrissa, kwa kuwa msichana alikuwa amesimama nyuma, amejishikilia kwenye tandiko la baiskeli, na kitenge kilishuka mpaka chini.

"Bon. Na mwenye maiti ni nani? Alete ruhusa. Mwenye maiti akikubali, tutaongea."

"Ni miye," Mwanahamisi alisema.

"Weye ni nani kwake? Dada? Mutoto?"

"Tonton, ni muguu yangu."

Alikiinua kitenge kidogo, kiasi cha kuonyesha kiatu kimoja na mahali pa kiatu cha pili. Tonton Asumani alifungua mdomo. Miaka yote aliyochimba, alikuwa amebishana na wajane, na wana waliogombea nafasi, na wakwe waliokataa kuzikwa karibu na wakwe wenzao. Lakini maiti hajawahi kuja mwenyewe kudai haki yake. Aliivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena kichwa kikiwa kimeinama.

"Jembe iko pale kwa muti," alisema. "Miye niko naenda kukata majani kule mwisho. Huko mwisho sionaka kitu." Aliondoka, kisha akarudi hatua mbili. "Museme bismillahi. Na musicheke."

Hawakucheka. Mwanahamisi alikaa kwenye ukingo wa kaburi la mama yake, gongo mapajani, akaelekeza uso upande wa mto usioonekana kutoka pale, ambapo moshi wa mitumbwi ya injini ulikuwa unapanda. Idrissa alipiga magoti. Udongo ulikuwa umeshuka kidogo, mrefu na mwembamba, na majani machanga yalikuwa yameanza kuota juu yake. Alichimba kwa jembe mpaka alipohofia kulitumia, kisha kwa mikono.

"Sema unaona nini," msichana alisema bila kugeuka.

"Udongo."

"Usinidanganye."

"Ni udongo tu. Iko nyekundu. Iko na maji." Baada ya muda akasema, "Sasa kitambaa."

"Iko vipi?"

"Haiko tena nyeupe."

Harufu ilipanda. Ilikuja polepole, ikakaa kati yao kama mtu wa tatu, na Idrissa alisubiri asikie msichana akitapika kama alivyotapikia lituma. Hakutapika. Alisikia tu gongo likihama kutoka paja hadi chini. Macho yake mwenyewe yalikuwa yanatiririka, na alikuwa na hasira. Hasira na mvua ya siku ile, na ugonjwa ambao ulichagua goti la msichana aliyetaka kupokea watoto wa watu, na mikono yake hii iliyojua kufunga tu. Alishika kamba ya kwanza, ile ya chini ya goti. Ilikuwa bado imekaza. Kila kitu kingine kilikuwa kimelegea, kitambaa, udongo, na kile ambacho hakutaka kukitaja hata moyoni, lakini kamba yake ilikuwa inashika kama asubuhi aliyoifunga. Aliikata. Ilitoa ule mlio.

Mwanahamisi alishtuka, mabega yote mawili.

"Moja," Idrissa alisema.

Ya pili aliikata kwa urahisi. Ya tatu ilikuwa imeingia ndani, ilimbidi aitafute kwa ncha za vidole, na alipoipata alifumba macho kama mtu anayemeza dawa. Aliziweka kando, juu ya jani. Kisha akashuka kwenye vidole. Alipapasa. Alipapasa upande huu, akapapasa chini yake, mkono ukiwa udongoni mpaka kiwiko. Kulikuwa na mzizi. Kulikuwa na jiwe. Alirudi, akaanza tena kutoka kifundo.

"Ngapi?" sauti ilimwuliza.

Hapo ndipo uongo ulipomjia, laini, tayari, na sura nzuri. Nne. Neno moja tu, na msichana huyu angelala usiku. Angekwenda kwenye serumu. Nani angejua? Tonton Asumani alikuwa mwisho wa makaburi akikata majani yasiyohitaji kukatwa. Idrissa alivuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa na ile harufu.

"Tatu," alisema. "Ile ya vidole siioni. Nimetafuta. Nilifunga nne, najua nilifunga nne, lakini siioni."

Ndege fulani alilia mara mbili juu ya mchikichi.

"Niendelee?"

"Acha."

"Ninaweza kuchimba pembeni, labda iliteleza—"

"Idri, acha. Hapo ni karibu na mama."

Aliacha. Alibaki amepiga magoti, mikono mbele yake imejaa udongo, haijui pa kwenda. Mwanahamisi aligeuka sasa, kwa mara ya kwanza, lakini hakutazama shimo. Alimtazama yeye. Alitazama jani na vile vipande vitatu vyeusi vilivyojikunja.

"Bado inabana?" Idrissa aliuliza.

Msichana alifumba macho. Alisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza kama mlango umebishwa au ni upepo. Mkono wake ulishuka kwenye pindo la kitenge, ukapita pindo, ukasimama hewani, juu kidogo ya nyasi.

"Sijui," alisema. "Ya vidole, sijui. Lakini sasa nasikia udongo." Baadaye akaongeza, "Iko baridi. Haiko mbaya."

Walifukia pamoja, Idrissa kwa jembe, naye kwa viganja, amekaa, akisukuma udongo kuelekea kwake mwenyewe. Idrissa aliisoma Fatiha mpaka mwisho. Tonton Asumani alikuja akapigapiga udongo kwa ubapa wa jembe, akatazama jua, akasema kwamba adhuhuri haiko mbali, na kwamba yeye, kama angekuwa kijana na angekuwa na mahali pa kwenda, angekuwa amekwisha kwenda. Hakuna aliyemwambia habari za serumu. Labda kilemba kilichofungwa juu ya kichwa kisicho na nywele kilimwambia.

Zamani Mwanahamisi alikaa upande, magoti pamoja, kama wasichana wote wa lisee. Sasa alipanda kama wanaume, mguu mmoja huku na upungufu huku, mikono imeshika kiuno cha Idrissa, gongo limelazwa kati yao. Idrissa hakulifunga. Barabara ya makaburi ilikuwa ya mchanga na iliteremka taratibu, na Idrissa aliendesha akiuegemeza mwili wake kidogo, akijifunza baiskeli upya, kwa sababu mzigo huu hakuwahi kuubeba.

Chini, mchanga ulikutana na lami. Kulia ni Kabondo, barabara ya nyumbani, ambako mkeka ulikuwa bado umetandazwa. Kushoto ni Makiso, na hospitali, na Mama Florentine anayetazama saa. Pikipiki zilipita kwa makelele. Idrissa alipunguza mwendo. Alitaka kuuliza, na mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, lakini alikuwa amesema mengi mno kwa mdomo ule katika wiki saba.

Abiria wa toleka huendesha pia, ingawa hajui. Kabla hajasema "shuka hapa" au "kata kule", mwili wake umekwisha kusema. Anakanyaga kimojawapo cha vile vyuma viwili vifupi vilivyochomelewa pembeni mwa gurudumu la nyuma, na dereva mzoefu anapokea habari kwenye usukani kabla ya masikio.

Waliifikia lami. Mikono iliyokuwa kiunoni mwake haikubana wala haikulegea.

Kisha baiskeli ililala. Ililala kidogo tu, taratibu, upande wa kushoto, jinsi inavyolala mtu anapokanyaga chuma kwa wayo mzima. Idrissa aliinamisha kichwa akatazama chini na nyuma. Chuma cha kulia kilikuwa na kiatu cha Mwanahamisi, kimetulia. Cha kushoto kiling'aa juani, kitupu.

Aliufuata ule uzito.